Fundi Anayeitwa Mwisho

Kila masika yaingiapo Dar es Salaam, mfanyakazi atokaye Magomeni kwenda mjini hutazama mbingu kabla hajatazama saa. Ajua kwamba mvua ikinyesha usiku kucha huko Pugu na Kisarawe, asubuhi Jangwani hapapitiki. Barabara ya Morogoro yageuka ziwa, mabasi ya mwendokasi yarudishwa nyuma, naye afika kazini saa nne, viatu mkononi, kumweleza msimamizi jambo ambalo msimamizi amekwisha kulijua. Jambo hili limezoeleka hata watu wakalifanyia mzaha. Lakini Desemba 2011 halikuwa mzaha. Maji yalichukua roho za watu wapatao 40 katika jiji hili, maelfu wakabaki hawana pa kulala, na baadhi yao wakapelekwa Mabwepande kuanza maisha upya juu ya ardhi tupu.

Leo twataka kusema neno juu ya mafuriko hayo, lakini kwa njia ambayo huenda wasomaji wetu hawakuitazamia. Hatutasema juu ya daraja wala juu ya mifereji peke yake. Twataka kusema juu ya fundi mmoja ambaye katika nchi yetu watu wengi hawajui kama yupo, na wale wajuao kwamba yupo hawajui kazi yake ni nini. Fundi huyo ni msanifu wa mandhari.

Msanifu wa majengo huchora nyumba. Mhandisi hupima nguvu ya nguzo na unene wa zege. Mpangaji wa miji hugawa maeneo, hapa pa kuishi, pale pa viwanda. Msanifu wa mandhari hushika kile kilichobaki kati ya nyumba na nyumba, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote: ardhi yenyewe na mteremko wake, maji yapitayo juu yake na yaliyomo chini yake, mti na kivuli chake, njia ya mwenda kwa miguu, uwanja wa watoto, ukingo wa mto. Katika desturi yetu fundi huyu huitwa mwisho. Jengo limekwisha, rangi imekauka, fedha zimebaki kidogo, ndipo anapopigiwa simu na kuambiwa, "Bwana, tupandie maua hapo mbele, mgeni rasmi anakuja Jumamosi." Naye hupanda maua. Mvua ikija huyachukua maua na udongo wake, kisha maji yaingia ndani ya jengo lenyewe, kwa sababu hakuna aliyeuliza tangu mwanzo maji ya kilima kile yalikuwa yakipita wapi.

Tuliposoma katika shule ya misheni, alikuwapo padri mzee aliyetuchosha sana kwa majembe. Kabla hajaruhusu darasa jipya lijengwe, alitutuma tusimame mvuani tutazame maji yaendako, tuweke vijiti. Tulimcheka. Baadaye alituchimbisha matuta kwa kuufuata mwinuko wa kilima, akapanda miembe juu ya matuta hayo, na ndipo mwashi akaitwa. Hatukumsikia hata siku moja akilitaja jina la kazi hiyo. Lakini twakumbuka kwamba bweni letu halikuingia maji, na kwamba shule ya jirani, iliyojengwa kwa fedha nyingi kuliko yetu, iliingia.

Kazi hii ina historia, nayo si safi yote. Jina la msanifu wa mandhari lilipata nguvu Marekani katika karne ya kumi na tisa, hasa kwa sababu ya mtu mmoja, Frederick Law Olmsted, aliyezaliwa mwaka 1822. Alikuwa mkulima, kisha mwandishi wa magazeti aliyesafiri majimbo ya kusini na kueleza jinsi utumwa ulivyoharibu watu na mashamba pia. Mwaka 1858 yeye na mwenzake Calvert Vaux walishinda shindano la kuchora bustani kubwa ya New York, iitwayo Central Park. Hoja yao ilikuwa njema: kwamba mtu wa kazi, anayekaa katika chumba chembamba na moshi wa viwanda, anahitaji nyasi na hewa kama vile tajiri anavyozihitaji, na kwa kuwa hana shamba lake mwenyewe, basi mji umpe.

Lakini kabla ya bustani ile kuchorwa, ardhi yake ilikuwa na wenyewe. Palikuwa na kijiji kiitwacho Seneca, chenye makanisa na shule na makaburi. Wakazi wake walikuwa zaidi ya 200, na walio wengi walikuwa Waamerika weusi, baadhi yao wakimiliki viwanja vyao kwa hati, jambo ambalo siku zile lilimpa mtu mweusi haki ya kupiga kura katika jimbo lile. Mwaka 1857 wote waliondolewa. Magazeti ya mji yaliwaita wavamizi. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu walitembea juu ya nyasi zile wasijue kwamba chini yake mlikuwa na misingi ya nyumba. Twalitaja jambo hili mapema kwa makusudi, maana tutarudi kwake tutakapofika Msimbazi.

Olmsted huyo huyo, miaka ishirini baadaye, alipewa kazi nyingine katika mji wa Boston. Palikuwa na kinamasi kinachonuka, maji ya chumvi yakipanda na kushuka, maji machafu ya mji yakimwagwa humo, na mvua ikija vyote vikafurika mitaani. Wakubwa wa mji walitaka bustani. Yeye akawaambia kwamba kwanza wanahitaji mahali pa kuyapokea maji. Akafanya kazi pamoja na mhandisi wa mji, wakachimba, wakatenga maji machafu, wakaacha bonde pana lenye majani yanayostahimili chumvi. Wapitao leo huona bustani tu. Kumbe ni mtambo wa maji uliovaa nguo za bustani. Kwa hiyo wale wasemao kwamba msanifu wa mandhari ameanza kujishughulisha na mafuriko juzi tu, baada ya hali ya hewa kubadilika, hawajasoma. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu utoto wake. Katikati hapo ndipo alipopotea njia: matajiri walimwita awachoree bustani za majumba yao, makampuni yakamwita ayapambe maofisi, naye akakubali, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na malipo.

Na kwetu je? Kwetu kazi hii iliingia ikiwa imevaa kofia ya mtawala. Bustani ya mimea iliyopo katikati ya Dar es Salaam ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, chini ya Stuhlmann, nayo ilikuwa uwanja wa kujaribia mazao ya biashara: kuona ni mmea gani wa kigeni utakaoleta faida katika ardhi hii. Waingereza walipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waligawa mji kwa kanda. Upande wa bahari ulikuwa wa Wazungu, katikati pa wafanya biashara wa Kihindi, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya maduka ya Wahindi na nyumba za Waafrika wakaacha ukanda mrefu usiojengwa. Sababu waliyoitoa ilikuwa ya afya, malaria na mengineyo. Ukanda huo ndio Mnazi Mmoja.

Yafaa kila mwanachama aapitaye pale kwa miguu alikumbuke hilo. Uwanja ule haukuwekwa kwa ajili ya kupumzika. Uliwekwa uwe ukuta, ila ukuta wa majani badala ya mawe. Na mambo ya dunia ni ya ajabu, kwa maana mahali pale palipoachwa wazi ili watu wasikutane ndipo watu walipokutana. Mikutano ya kudai uhuru ilijaa Mnazi Mmoja na Jangwani, kwa sababu Mwafrika hakuwa na ukumbi wa kumtosha, ila uwanja alikuwa nao. Mchoraji wa uwanja huwa na nia yake, lakini uwanja ukiisha kuwapo huwatii wale wanaoutumia. Ndiyo sababu twasema kwamba ardhi ya wazi si jambo dogo katika siasa ya mji, wala si jambo la kuwaachia wapambaji.

Baada ya uhuru tulijaribu kufanya vingine. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, mpango wa mji mpya, uliotolewa mwaka 1976, ulichorwa na kampuni ya Kanada iliyokuwa chini ya Macklin Hancock, mtu aliyesomea usanifu wa mandhari kabla ya kuwa mpangaji wa miji. Na athari ya elimu yake yaonekana. Haukuwa mji wa minara wala wa barabara pana za kuwatisha wageni. Vilima viliachwa vilima, mabonde yakaachwa mabonde, na jumuiya za watu elfu chache zikapangwa kwa kuufuata mwinuko wa ardhi, zikiunganishwa kwa njia ya mabasi, na mtu akiweza kwenda sokoni na shuleni kwa miguu au kwa baiskeli. Kati ya jumuiya na jumuiya paliachwa mashamba na miti. Ulikusudiwa uwe kama kijiji kikubwa katika nchi ya vijiji. Dodoma ni nchi kavu, mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, nayo hushuka kwa miezi michache na kwa hasira, ikikata makorongo. Mtu aanzaye na nyumba hawezi kupanga mji mahali pale. Hana budi kuanza na korongo.

Twajua yaliyofuata. Fedha zilikosekana, vita na miaka ya shida ikaja, wakubwa wakaendelea kukaa pwani. Mji ulipokuja kukua kwa kasi, baada ya Serikali kuhamia kweli kuanzia 2016, ulikua kwa kufuata gari na lami, na mpango mkuu mwingine ukatayarishwa kwa miaka ya 2019 hadi 2039. Wala hatusemi kwamba ule wa 1976 ulikuwa mtakatifu. Mamlaka iliyoushika ilivunjwa mwaka 2017, na sababu mojawapo ilikuwa kilio cha wananchi juu ya ardhi yao. Mchoro mzuri ukiletwa kwa watu kama amri, watu huuona ni adui, hata kama mchoraji aliwachorea miti. Hilo nalo ni somo kwa wasanifu wetu vijana wanaohitimu Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Kenya wanaofundishwa katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Wajue kusoma kontua, na wajue pia kukaa barazani na mzee wa Kigogo wakamsikiliza.

Nchi ambayo imefika mbali katika jambo hili siku zetu ni China, na aliyeifikisha huko kwa sehemu kubwa ni mtoto wa mkulima. Kongjian Yu alizaliwa mwaka 1963 katika kijiji cha jimbo la Zhejiang, akalima na kuchunga kabla ya kwenda shule za juu, hata akapata udaktari wa Harvard mwaka 1995. Aliporudi kwao aliona mito aliyoogelea utotoni imetiwa ndani ya mifereji ya zege, na miji mipya imejaa ukoka na maua ya kigeni yanayokunywa maji na yasiyozaa kitu. Alikuwa na mfano mmoja alioupenda kuurudia. Zamani za kale, alisema, Wachina wa tabaka la juu waliwafunga wasichana miguu isikue, wakauita ulemavu ule uzuri, na miguu mipana ya mwanamke mkulima wakaiita mibaya. Miji yetu, alisema, tumeifunga miguu. Alipopewa kazi ya kuchora uwanja wa chuo kikuu kimoja mjini Shenyang, hakupanda maua. Alipanda mpunga, na wanafunzi wakauvuna.

Fikra yake ilikuwa kwamba mji uwe kama sifongo: mvua inyonywe pale iangukapo, katika madimbwi, vinamasi, bustani zilizoshuka chini ya barabara, na ardhi isiyofunikwa lami, badala ya kukimbizwa baharini kwa mabomba. Julai 2012 mafuriko yaliua watu 79 mjini Beijing, na kuanzia 2014 Serikali ya China iliifanya fikra hiyo kuwa siasa ya taifa, ikachagua miji ya majaribio, ikaweka shabaha kwamba kufika 2030 asilimia 80 ya eneo la miji iweze kuyapokea na kuyatumia maji ya mvua kwa asilimia 70. Yu alifariki Septemba 2025 huko Brazili, ndege ndogo aliyopanda ilipoanguka, akiwa kazini.

Msomaji asidhani twahubiri muujiza. Julai 2021 mji wa Zhengzhou, uliokuwa umetumia fedha nyingi kwa kazi hiyo ya sifongo, ulipata mvua ya milimita 201.9 kwa saa moja. Hebu fikiri: theluthi moja ya mvua ya Dodoma ya mwaka mzima, kwa saa moja. Maji yaliingia katika treni za chini ya ardhi, na katika jimbo zima la Henan watu waliokufa na kupotea walikaribia 400. Wapinzani walisema sifongo imeshindwa. Ukweli ni kwamba hakuna sifongo wala bomba liwezalo kumeza mvua ya namna ile, na kwamba miti haiwezi kumfunga mkuu wa treni mdomo au kumfungua. Alitakiwa mtu wa kusema "simamisheni treni" mapema. Msanifu wa mandhari hupunguza hatari. Haiondoi, na yeyote awaahidiye wananchi kuiondoa awadanganya.

Hatuna haja ya kwenda China kila mara. Yuko mfano katika pwani yetu wenyewe, Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi, kikaacha mashimo meupe yenye jua kali na maji ya chumvi chini. Hapakuwa na udongo wala mdudu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kampuni, René Haller, alijaribu kupanda miti ya aina 26 katika jangwa lile. Iliyostahimili ilikuwa aina tatu tu, na bora katika hiyo ulikuwa mvinje, ule mti wa pwani ambao watu wetu huukata kwa boriti. Mvinje ulikua, lakini majani yake makavu yalilala chini bila kuoza, kwa hiyo udongo haukupatikana. Hapo Haller akaleta jongoo wekundu, wakusanywe na kuachiwa humo. Jongoo wakala majani, wakayageuza mbolea, na udongo ukaanza kuzaliwa kwa upana wa kidole. Baada ya udongo ikaja miti mingine, kisha ndege, samaki na wanyama. Leo watoto wa shule hupelekwa pale kutazama twiga na viboko, wasijue kwamba wanasimama chini ya shimo la saruji. Kazi ile haikufanywa na mtu mwenye shahada ya usanifu wa mandhari, nasi twamweleza bila aibu kama mwalimu wa wenye shahada hizo. Alianza na ardhi ilivyokuwa, akangoja. Kungoja ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo mwanasiasa huipenda kidogo kuliko zote, maana mti haukui kwa kufuata tarehe ya uchaguzi.

Na kwa kuwa tumemtaja mwanasiasa, yatupasa sisi tunaoandika katika ukurasa huu tuseme jambo moja linalotugusa. Nairobi ina bustani ya Uhuru, iliyofunguliwa mwaka 1969, mahali ambapo kibarua asiye na nauli ya kwenda kwao hulala kwenye nyasi mchana wa Jumapili na hakuna amwulizaye. Mwaka 1989 palitokea mpango wa kujenga juu yake jumba la ghorofa 60. Wenye mpango huo walikuwa shirika la gazeti la chama kilichotawala, na humo chama chenyewe kingekuwa na ofisi zake. Marehemu Wangari Maathai aliupinga kwa barua, barua baada ya barua. Alitukanwa bungeni, akaambiwa ni mwanamke asiye na adabu. Lakini wakopeshaji wa nje walirudi nyuma, jumba halikujengwa, na bustani ingalipo. Mwaka 2004 mwanamke huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Twalisema hili kwa sababu gazeti la chama laweza kuwa upande wa bustani, na laweza pia kuwa lile jumba. Wenzetu wale hawakuwa watu waovu kuliko sisi. Waliona ardhi ya wazi wakadhani ni ardhi tupu.

Basi turudi Msimbazi.

Mipango mikuu ya Dar es Salaam iliyochorwa baada ya uhuru, ule wa 1968 na ule wa 1979, haikuyaona mabonde ya mito kuwa mahali pa kujenga. Kwenye karatasi yaliachwa wazi. Lakini mji ulijaa, kodi ikapanda, na mtu aliyekuja kutafuta kazi akapata mahali pa bei nafuu karibu na kazi, ndiyo bondeni. Akajenga. Serikali ya mtaa ikamjua, shirika la umeme likamwekea nguzo, kiongozi akamwomba kura. Kisha mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 nyumba zikatiwa alama ya X kwa rangi nyekundu, matingatinga yakaja. Wakati huo huo, katika bonde lile lile, palikuwa pamejengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, nayo mabasi yalipoanza kazi 2016 ikaingia maji mara kwa mara, mabasi yakazama hadi vitini. Maskini aliyejenga bondeni aliitwa mvamizi. Karakana iliyojengwa bondeni iliitwa maendeleo. Maji hayakubagua.

Tangu mwaka 2018 jambo jipya limefanyika, nalo twalisifu. Maofisa wa idara mbalimbali, wataalamu wa mito, wasanifu na wakazi walikalishwa pamoja kwa miezi kadhaa juu ya ramani ya bonde zima, tangu vilima vya Pugu mpaka mikoko ya Selander, wakatoa mpango. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi hiyo, na fedha nyingine zikatoka Uholanzi na Hispania. Shauri lenyewe ni hili: mto upanuliwe na kuchimbwa, udongo utokao humo uinue kingo ziwe juu ya maji na zijengwe, karakana ihamishwe, daraja la Jangwani liinuliwe, na katikati ya bonde pawe bustani kubwa ambayo imeruhusiwa kufurika. Yaani mvua ikija, maji yaingie bustanini badala ya kuingia chumbani kwa mtu. Yakipungua, watoto warudi kucheza mpira.

Singapore imekwisha kufanya namna hiyo. Mfereji wa zege wa mto Kallang, wenye urefu wa kilometa 2.7, ulivunjwa katika bustani ya Bishan, na kufika 2012 mto ukawa unapinda pinda tena katikati ya majani, ndani ya eneo la hekta 62. Maji yakianza kupanda, king'ora hulia na watu hutoka. Si ndoto, basi. Ni ufundi ujulikanao.

Ila hapa ndipo tunapouliza maswali, na maswali haya hayahusu hesabu za maji. Wakazi wa bonde la chini, maelfu ya watu, wamehamishwa au watahamishwa. Fidia imeleta malalamiko. Wengine walisema wamelipwa kuta wakanyimwa thamani ya kiwanja, kwa kuwa bonde lilihesabiwa kuwa halina mwenyewe. Yakumbukwe ya Seneca. Bustani ikiwa nzuri, kiwanja cha pembeni yake kitapanda bei, na kingo zile zilizoinuliwa zitatamaniwa na wenye hoteli na maghorofa. Je, yule aliyelala na maji miaka ishirini atapewa nafasi ya kulala karibu na bustani, au atakuwa akiitazama kupitia dirisha la basi itokapo Mbagala? Na yule mkulima wa mchicha ambaye mboga zake zimelisha nusu ya Kariakoo, ijapokuwa maji anayomwagilia yamechafuliwa na viwanda na vyoo, amechorewa tuta lake katika bustani hiyo, au amefutwa kwa sababu mchicha hauonekani kuwa pambo? Yu wa China angemchorea. Mama lishe atakaa wapi? Lango litakuwa na kiingilio?

Haya yote ni mambo ya usanifu wa mandhari, wala si ya ustawi wa jamii peke yake. Huko Kibera, tangu 2006, wasanifu walioshirikiana na vikundi vya wakazi walipochora viwanja vidogo kando ya mto uliojaa takataka, walianza kwa kuuliza nani atafua hapo, nani atauza, nani atashika ufunguo wa bomba, ndipo wakachora ukuta wa kuzuia maji. Ufunguo ulichorwa kabla ya ukuta. Kazi zao ni ndogo, hekta hazifiki hata kumi, lakini zimedumu zaidi ya bustani nyingi zilizofunguliwa kwa ngoma.

Kwa maana bustani huuawa na matunzo. Tumeona wenyewe: siku ya ufunguzi utepe hukatwa, kiongozi hupanda mti, mti humwagiliwa wiki mbili, kisha mpira wa maji huibwa na mwenye kumwagilia huachishwa kazi kwa kuwa fungu limekwisha. Daraja laweza kusahauliwa miaka kumi likasimama. Bonde lililochorwa kumeza maji halisahauliki hata masika moja, maana mchanga wa Pugu utalijaza, na takataka za jiji lenye watu zaidi ya milioni tano zitaziba midomo yake. Watakaolitunza ni vibarua, wanawake wengi wao, wenye fagio na majembe, na hao ndio mpaka leo hulipwa kwa siku na kuachwa nyumbani mvua inaponyesha, yaani siku ile hasa wanapohitajiwa.

Kwa hiyo hatutaridhika kusikia kwamba mkandarasi wa daraja amepatikana. Tungependa kuona, katika tangazo la kazi ya Msimbazi, jina la msanifu wa mandhari likiandikwa katika ukurasa wa kwanza pamoja na la mhandisi, na chini yake idadi ya watunza bonde watakaoajiriwa kwa kudumu, na mshahara wao kwa mwezi.